Jeraha Lisilohesabiwa

Fimbo ya kwanza ilimpata Aneth Kivenule begani, ya pili mbavuni. Ya tatu aliidaka, akamvuta mwenye nayo mpaka wakagongana mapaji.

"Ndiyo nguvu zenyewe hizo?" alimwuliza. "Babu yangu alimnunua babu yako kwa kilo moja ya chumvi. Leo naona alipunjwa."

Otmar Gama aliangua kicheko, kisha akampiga kichwa puani. Damu ikamchuruzika Aneth na kuichafua blauzi aliyoshonewa siku ya kuapishwa uenyekiti wa halmashauri ya Kihesi. Otmar naye alikuwa mwenyekiti, wa Lupamba, ng'ambo ya mto. Nyuma yao, katikati ya daraja la Ruhanji, watu wa wilaya hizo mbili walikuwa wakitwangana kwa fimbo na mateke, na kila aliyeanguka alisindikizwa na tusi la kuvunja mbavu. Mzee mmoja wa Kihesi alitema jino, akamshukuru aliyeling'oa kwa kumwokolea nauli ya kwenda kwa daktari.

Ilikuwa zamu ya Kihesi kuumia. Mwaka huu wao, mwakani Lupamba, ndivyo walivyopatana wenyeviti wawili, na fungu la fedha za serikali likiingia upande mmoja, upande wa pili utakuja kula hapo hapo. Walikuwa watani tangu enzi za mababu. Nani mwingine ungemwamini akupige, halafu asikukimbie na chakula?

Juu yao kipanga alikuwa akielea, mtambo wa ukubwa wa ungo, jicho lake likiwa chini. Watu waliinua mikono kumwonyesha vifundo. Chini ya ngozi ya kila kifundo kulikuwa na punje ndogo, sawa na ya mchele, ambayo kila mtoto alipandikizwa enzi za Shirikisho kwa ajili ya kufuatilia afya yake. Nchi ilipojitoa kwenye Shirikisho, punje zilibaki mikononi mwa watu na serikali ikazipa kazi nyingine. Punje ikiona jeraha linalostahili, huwaka nyekundu.

Damu ilikuwa imetapakaa darajani, lakini vifundo vyote vilikuwa vyeupe.

"Mapigano ya Ruhanji," kipanga alisema kwa sauti ya mwanamke mpole. "Kihesi. Damu ipo. Maumivu yapo. Hofu hakuna. Huu ni mchezo. Jeraha, sifuri."

Aneth alijifuta pua kwa kiganja, akamtazama Otmar, na Otmar akamtazama yeye.

"Kwa hiyo tumepigana bure," Aneth alisema.

"Bure kwako. Mimi nimefurahi sana."

Hata hapo watu walicheka. Aneth hakucheka, kwa sababu alimkumbuka Mdeka.

*

Mdeka, mumewe, alikuwa amelala katika hospitali ya wilaya, mirija miwili mkononi, damu yake ikitoka kwenda kusafishwa kwenye mashine na kurudi. Figo zake zilikuwa zimeshakufa. Aneth alipoingia na pua yake iliyovimba, Mdeka alimwangalia kwanza, kisha akaiangalia taa ya darini.

"Imeshazima mara ngapi leo?" Aneth aliuliza.

"Uliza imewaka mara ngapi."

Hakumaliza kusema, ikazima. Mashine ikalia. Muuguzi akachomoa mpini mdogo ubavuni mwa mashine akaanza kuzungusha kwa mkono, maana damu ikisimama ndani ya mirija huganda, na ikiganda basi. Aneth alimpokea. Alizungusha mpaka bega lililopigwa likawaka moto, huku Mdeka akimtania kwamba amepata mke wa kumsagia damu. Vitanda vingine sita vilikuwa na ndugu zao, nao walikuwa wakizungusha.

Umeme wote wa Kihesi, na maji yake, ulitoka kwenye mtambo wa mvuke uliochimbwa kwenye joto la mlima. Shirikisho ndilo lililoujenga, na mwingine kama huo likajenga Lupamba. Maofisa wake walikuwa na maringo, walikula kuku wa watu na kubishana siku nzima juu ya kivuko kimoja, lakini mwishowe kitu kilijengwa. Kisha wananchi wakapiga kura, nchi ikatoka, na lile fungu la maeneo yaliyoachwa nyuma likakatika siku hiyo hiyo. Serikali ikasema hakuna tabu, itaziba yenyewe. Ikaanzisha Mfuko wa Kuziba Pengo, ambao watu waliuita Pengo tu. Pengo halikutaka maombi wala hotuba. Lilitaka kwenda panapouma zaidi, kanda moja fungu moja, kila mwaka, na wa kupima ni kipanga. Aliyetunga kanuni ile bila shaka alilala usingizi mtamu siku hiyo.

Mwaka wa kwanza mabondia wa mji mmoja walitwangana ulingoni mpaka mji wao ukapata fungu. Ndipo wakaongeza sharti la hofu. Maumivu bila hofu ni mchezo.

Na sasa rota, yale magurudumu yanayozalisha umeme, za mitambo yote miwili, ya Kihesi na ya Lupamba, zilikuwa zimepasuka. Ya Kihesi ilikuwa na hali mbaya zaidi. Fundi aliyekuwa akiibembeleza alimwambia Aneth waziwazi kwamba mvua zikianza, itakuwa imeshasimama.

Taa iliwaka. Aneth aliachia mpini, vidole havikunjuki.

"Unawaza nini?" Mdeka alimwuliza. Alimjua mkewe.

"Nawaza watu wetu wanacheka mno," Aneth alisema.

*

Walikutana yeye na Otmar peke yao mchana wa kesho yake, darajani pale pale, damu ikiwa imekaukia kwenye mbao. Otmar alikuja na mahindi mawili ya kuchoma. Alimpa lile bovu.

"Nataka uje utuvamie," Aneth alisema. "Kweli. Siku ya gulio, asubuhi. Geti la kaskazini nitaliacha wazi. Chomeni vibanda, vunjeni, pigeni. Msiue mtu."

Otmar aliacha kutafuna. "Na watu wako?"

"Hawatajua. Wakijua watacheka, na wakicheka tumekwisha."

"Mtani." Alilisema polepole, bila utani wowote ndani yake. "Unajua haya matusi yetu tuliyatoa wapi? Babu zetu walichinjana hadi wakachoka kuzika. Wakasema basi, kuanzia leo tutatukanana. Sasa wewe unataka turudi walikotoka."

"Nataka rota."

"Na Luhwavi? Mdogo wako akishika panga hana mtani."

"Nitamtuma mbali siku hiyo. Otmar, nina watu saba wanazungushiwa damu kwa mkono. Wewe una wangapi?"

Lupamba kulikuwa na wodi ya watoto njiti, na huko joto la vitanda lilikuwa likipanda na kushuka kama homa. Otmar alijua hesabu yake.

"Rota ikija kwenu, watoto wangu watalala wapi?"

"Kitandani kwa Mdeka, ikibidi."

"Mdeka anakoroma," Otmar alisema. Akatupa gunzi mtoni. "Haya. Lakini mimi Kordula simfichi kitu. Nitamwambia mke wangu."

"Mwambie."

Aneth alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amefanya jambo baya, na akiwa na hakika vile vile kwamba angelifanya tena. Mtu anaweza kuwa na hakika mbili kifuani, na zote zikamnyima usingizi.

*

Siku ya gulio ukungu ulikuwa mzito. Wauza viazi walikuwa wameshapanga mafungu, wauza mitumba wametandaza, na mama mmoja alikuwa akimkemea mteja aliyepekua nguo bila kununua, ghafla kibanda cha mwisho kikalipuka moto.

Hakuna aliyecheka. Watu wa Lupamba waliingia na vitambaa usoni, bila tusi, bila wimbo, na ule ukimya wao ndio uliotisha kuliko marungu. Mwuza ndizi alipigwa mguuni na mfupa ukatoka nje ya ngozi. Mwanamke alikimbia na kanga inayowaka, akaangushwa, akakanyagwa na watu wake mwenyewe. Mafuta ya maandazi yalimwagika kwenye moto na safu nzima ya vibanda ikashika. Aneth alisimama kwenye ngazi za ofisi ya soko akiona kitu ambacho alikuwa amekiomba kwa mdomo wake.

Vifundo vilikuwa vikiwaka. Ndani ya ukungu na moshi viliwaka kimoja kimoja, kisha kwa makundi, vyekundu, kila mahali. Kipanga aliteremka karibu na mapaa.

"Gulio la Kihesi. Damu ipo. Maumivu yapo. Hofu ipo. Jeraha linahesabiwa."

Ilikuwa imetosha. Otmar, aliyekuwa amejifunga kitambaa cheusi, alipuliza filimbi kuwaita watu wake warudi. Ndipo kutoka njia ya machungani akatokea Luhwavi. Alikuwa ametumwa kupeleka ng'ombe wa halmashauri mbali, akaona moshi, akawaacha ng'ombe. Alikuwa amekuja mbio njia nzima na panga mkononi, na mtu wa kwanza aliyemkuta ni huyu mwenye filimbi.

Otmar alimtambua. Akavuta kitambaa chini ya kidevu, akafungua mikono kama mtu anayetaka kukumbatiwa.

"Shemeji yangu wa bure!" alisema.

Luhwavi alimkata mkono wa kushoto. Otmar akauangalia mkono wake. Akapiga goti, akageuza uso kuelekea ngazini alikokuwa amesimama Aneth, akamsubiri.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Aneth. Maneno mawili tu, ni utani, na mdogo wake angesimama. Lakini soko zima lingeyasikia, vifundo vyote vingeanza kupauka, na kipanga alikuwa bado akihesabu. Alisema moyoni, kipanga amalize kwanza. Pumzi moja tu, amalize.

Panga lilishuka mara ya pili, shingoni.

"Ni utani!" Aneth alipiga kelele. "Luhwavi, acha, ni utani!"

Alipofika, Otmar alikuwa chali katikati ya viazi vilivyomwagika, damu ikimtoka kwa mapigo. Aneth aliweka viganja vyote viwili shingoni mwake, damu ikapita katikati ya vidole. Otmar alikuwa akijaribu kusema. Akamwinamia.

"Mwambie huyo mtumwa wangu," Otmar alisema, "panga lake butu."

Alikufa kabla ya kuona kama Aneth amecheka. Luhwavi alilitupa panga, akaketi chini, akaanza kutapika.

*

Kordula alituma ujumbe wa sentensi moja: mtani aje kuzika.

Watu wa Kihesi walimsihi Aneth asiende. Mdeka peke yake hakumsihi. Alikuwa akizungushiwa damu na jirani, maana mtambo ulikuwa umezima tangu alfajiri na haukurudi.

"Ukienda watakuua," Mdeka alisema. "Usipoenda, nani atatuzika sisi?"

Basi alivuka daraja peke yake. Njia yote ya Lupamba watu walisimama kando na kumwangalia, na mkono wa kila mmoja wao ulikuwa mwekundu kifundoni. Otmar walikuwa wamempenda sana, na punje huhesabu msiba wa wafiwa kuwa jeraha pia. Kipanga alikuwa amening'inia juu ya makaburi tangu asubuhi, maana siku hiyo jua likifika utosini hesabu ya kanda ingefungwa. Aneth alikuwa ameisikia ikitangazwa njiani. Hofu ya Kihesi ilikuwa imeanza kupoa, huzuni ya Lupamba ilikuwa bado mbichi. Lupamba walikuwa juu. Tofauti haikuwa kubwa, lakini walikuwa juu.

Kordula alikuwa amekaa ukingoni mwa kaburi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ameshika jembe la kufukia. Hakumsalimia. Alielekeza shimo kwa kidevu.

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Huingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akakataa kutoka mpaka ahongwe. Humwiga marehemu na kumsengenya mbele ya wafiwa. Wafiwa wakicheka, maiti amepewa ruhusa ya kuondoka. Hakuna aliyewahi kuzikwa Lupamba bila kicheko cha mtu wa Kihesi, na Kihesi hali kadhalika.

Aneth aliteremka shimoni, akalala chali. Udongo ulikuwa baridi. Juu aliona mstatili wa mbingu, kipanga katikati yake, na nyuso.

"Sitoki," alisema. Akapaza sauti. "Sitoki! Shimo zuri hili mnampa huyu? Mtu aliyenipa hindi bovu wiki iliyopita, lake zima?"

Mtu mmoja aliokota jiwe.

"Nileteeni kuku kwanza. Na asiwe yule wa Otmar, maana kuku wa Otmar anajulikana. Aliwauzia maofisa wa Shirikisho kuku mmoja mara nne. Wakitaka kumchinja, anasema huyo mgonjwa, ngoja niwabadilishie. Wanabadilishiwa yeye yule."

Kuna mtu alikohoa. Hakikuwa kikohozi. Mwingine akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Aneth alimwona Kordula akiuma midomo, na kwenye mkono ulioshika jembe, kile kifundo chekundu kikapauka, kikawa cha rangi ya waridi.

Ndipo Aneth alipoelewa. Alibaki amelala, mdomo wazi.

Akiwachekesha, watapauka. Wakipauka, fungu litavuka mto. Mdeka atapata umeme na wale sita wengine, na watoto njiti wa Lupamba watabaki na vitanda vya baridi, kama mama zao watakataa kuwapeleka kwa waliomwua Otmar. Akinyamaza, Otmar ataingia ardhini bila kicheko, kwa mara ya kwanza tangu babu zao waweke mapanga chini, na kati ya wilaya mbili kitakachobaki ni lile panga la Luhwavi. Hakuna aliyemshikia rungu. Alikuwa na hiari yake yote, ndani ya shimo.

"Endelea," Kordula alisema kutoka juu.

"Kordula, angalia mkono wako."

"Nimeuona." Sauti yake haikupanda. "Mume wangu hataondoka kama mbwa aliyegongwa barabarani. Endelea, mtani."

Aneth aliendelea. Alimwiga Otmar akihutubia, Otmar akikimbia nyuki na kusahau suruali, Otmar akimchumbia Kordula kwa barua aliyoandikiwa na mpinzani wake. Alisema yote aliyoyajua, na alijua mengi, maana alikuwa amempenda mtu yule. Machozi yalimwingia masikioni. Watu walicheka. Walianza kwa aibu, kisha wakashindwa kujizuia, wakashikana wasianguke, wakalia na kucheka kwa pamoja, na Kordula alicheka kuliko wote, kichwa kikiwa nyuma, meno yote nje. Katikati ya yote Aneth alijiuliza anawachekesha kwa ajili ya nani, na hakupata jibu, na hakunyamaza. Vifundo vilipauka kuzunguka kaburi zima, safu kwa safu, hadi kwenye lango.

Jua lilifika utosini.

"Hesabu imefungwa," kipanga alisema. "Fungu la kanda, Kihesi. Mfuko unawapa pole."

Akapanda juu, akageuka, akaondoka zake kuelekea mjini. Kicheko kilikatika. Vijana wawili walimpa Aneth mikono, wakamtoa shimoni, wakampisha Otmar. Walimshusha vizuri, kwa kamba, bila kumgongesha. Kordula alitupa udongo wa kwanza. Kisha akamwendea Aneth akiwa bado na jembe lake.

"Watoto tutawaleta jioni," alisema. "Wako kumi na moja. Uliahidi kitanda."

"Waleteni. Vitanda vyote."

"Na aliniambia kuhusu geti. Aliniambia pia kwamba lolote likiharibika, utapaza sauti."

Aneth alifungua mdomo. Kordula aligeuza jembe akampiga kwa mpini, kwa nguvu zake zote, chini ya jicho. Mfupa wa shavu ulivunjika, na Aneth aliusikia ukivunjika. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi. Kwa mazoea ya maisha yake yote alisubiri tusi lifuate, chumvi, mtumwa, kuku, chochote.

Hakuna aliyesema neno. Kordula aliliinua jembe tena, na safari hii alilishika mpini, makali yakiwa juu.

Aneth alitazama mkono wake uliokuwa chini. Kifundo kilikuwa kimewaka chekundu, kwa mara ya kwanza tangu apandikizwe ile punje, na mbinguni hapakuwa na kitu cha kukiona.